Batasema, Mbwa wa Mama Tamar

Siku hizi mbwa wa mji wetu wa Kamina wanaitwa Rex, Tigre na Simba, majina yasiyomwambia mtu kitu. Unasimama kando kupisha pikipiki, unasikia nyuma ya ukuta "Rex! Rex!", na shingo yako haigeuki hata kidogo. Kelele tu. Enzi za Zaire jina la mbwa lilikuwa neno lenye anwani. Mtu akigombana na shemeji yake hakwenda kumtukana mlangoni. Alitafuta mtoto wa mbwa, akampa jina, kisha akawa anamwita asubuhi na jioni kwa sauti ya kuvuka ua. Shemeji alisikia, na mtaa mzima ukasikia. Ukienda kulalamika unaulizwa: kwani wewe ndiwe mbwa? Basi unarudi nyumbani na hasira yako, na wewe unaanza kutafuta mtoto wa mbwa.

Kwenye barabara yetu, nyuma ya kanisa la Metodisti, nilimjua mbwa aitwaye Wivu. Nilimjua pia Munanichungulia, mali ya karani mmoja aliyekuwa hapatani na mama mkwe wake. Lakini mbwa wa kukumbukwa alikuwa Batasema, yaani watasema, na wakitaka waseme. Alikuwa mbwa wa Mama Tamar. Mama Tamar ndiye ninayetaka kumweleza hapa, maana tuliomjua tumebaki wachache, na juzi kijana mmoja aliniambia usoni kwamba mama yule alikuwa mpole tu, hana habari. Hana habari! Nusura nimrushie kikombe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mjane wa Lazare, mfunga breki wa garimoshi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Watu wa ofisi wakati ule walivaa abacost, lile koti la kufungwa hadi shingoni bila tai, na abacost iliyokunjamana ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Zote zilipita mikononi mwa Tamar. Aliwasha makaa mapema, akapika wanga wa muhogo kwenye sufuria, akaanza. Hadi leo nikinusa wanga wa moto juu ya kitambaa namwona amesimama barazani, ameshika pasi ya makaa, anapuliza majivu kando yasije yakadondokea koti la mtu. Treni ya Ilebo inapiga honi kule stesheni, redio ya mtu inaimba, na mimi upande wangu wa ua nachambua sombe, majani ya muhogo, na kumpigia porojo. Jamani, tulikuwa na siku nzuri na wala hatukujua.

Mimi ni Ngalula, mtu wa Kasai. Nilikuja Kamina kufundisha shule ya msingi, na lupango yangu, yaani kiwanja cha nyumba, ilipakana na yake mkono wa kushoto. Mkono wa kulia kulikuwa na nyumba ya wapangaji, watu wa kuja na kwenda. Nilipofika Lazare alikuwa hai bado, ila ini lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ndiye aliyemfundisha mbwa asile chakula chochote mpaka aitwe kwa jina lake, kwa kuwa wezi wa wakati ule walikuwa wakitupa nyama yenye sumu juu ya ua kabla ya kuingia. Unaweza kumwekea Batasema nyama puani, akageuza uso kama mzee wa kanisa aliyeletewa pombe. Ukimwita tu, anakula.

Lazare akafa. Tamar hakuwa na mtoto. Sote tulijua kitakachofuata: ndugu wa mume watakuja, watabeba sufuria, magodoro na mabati ikibidi, na mjane atarudi kwao na kanga yake. Walikuja kweli. Lakini Élisa, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mnene mwenye watoto tele, muuza samaki wa kukausha wa Mulongo, mwenye mdomo unaojulikana soko zima, alisimama mlangoni akawaambia ndugu zake kwamba atakayegusa hata kijiko atapambana naye yeye. Hawakugusa. Sababu yake hakuna aliyeijua. Tangu hapo kila Jumamosi, tukishamaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, Élisa alikuja na jembe lake na wawili hao walikwenda pamoja shamba la muhogo. Wasiowajua walidhani wamezaliwa tumbo moja.

Sauti ya Tamar ilikuwa ndogo. Hata katika kwaya ilibidi umwinamie ili usikie kama anaimba. Lakini mara moja kila asubuhi mwanamke huyu mnyamavu alijaza mapafu, akasimama katikati ya lupango na sahani ya bukari, ugali wetu, akamwita mbwa aje ale:

"Batasema! Batasema! Kuya kula!"

Niliamkia sauti hiyo, nikawasha moto wangu kwa sauti hiyo. Na kadiri miaka ilivyokwenda ilizidi kupanda, kwa sababu mbwa alikuwa anazeeka na masikio yanaziba. Nilimwuliza Tamar siku moja jina lile alitumiwa nani. Aliendelea kupiga pasi.

"Njo jina yake, Mwalimu," akasema, yaani ndilo jina lake. Yakaisha.

Baada ya vita vya mkoa wetu wa Shaba akaja Émerence kukaa nyumba ya kulia. Alikuwa Bolingo Émerence, mtu wa mkoa wa Équateur, mke wa sajini wa kule base, kambi ya jeshi, kijana bado, mzuri, mwenye hasira za karibu. Mume wake aliondoka na kikosi chake kwenda vitani. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hapana. Wala habari ya kufa haikuja, wala ya kupona. Wanawake wa kambi wakapata kazi. Wengine walisema sajini amepata mke Kolwezi. Wengine walisema, na hili ndilo lililomchoma, kwamba amemkimbia yeye. Alivumilia, kisha akashindwa, akafunga vyombo vyake na kuhamia mjini ambako hakuna amjuaye, ili akae bila midomo ya watu.

Asubuhi yake ya kwanza mjini anafungua mlango, anasikia kutoka ng'ambo ya ua: "Batasema! Batasema!"

Mtu wa nchi nyingine angecheka. Lakini hata kwao Équateur mbwa wanapewa majina ya kumtupia mtu maneno, kwa hiyo Émerence alielewa mara moja, na alielewa vibaya. Asubuhi ya pili vilevile, na ya tatu. Hakuuliza. Angemwuliza nani? Alianza kutoka nje na kupigapiga masufuria kila Tamar akiita, na Tamar, akidhani mbwa hasikii kwa sababu ya masufuria, akaongeza sauti. Mimi nilikuwa naona yote haya juu ya ua wangu, na nilidhani tu kwamba huyu mgeni ana kelele.

Siku ya siku mbwa alikuwa amelala upande wa Émerence, kwenye jua, maana ua ulikuwa na tundu. Tamar akaita. Mbwa akainuka, akajinyoosha taratibu kizee, akapita mbele ya Émerence aliyekuwa anatwanga pondu, kama wanavyoita sombe kwao. Mchi ukaruka. Nilisikia mfupa. Kisha nikasikia mbwa akilia, na nikamwona Tamar anapita kwenye lile tundu la ua kwa magoti, na kitenge chake kimenasa kwenye miiba.

"Ukiita ile imbwa vile tena," Émerence akapiga kelele, "nitavunja na muguu ingine!"

Tamar alimbeba mbwa kifuani, akamfunga mguu kwa vijiti na kitambaa cha kupigia pasi, akaketi naye barazani. Siku hiyo abacost za watu hazikupigwa.

Mkuu wa mtaa aliitwa. Alisikiliza huku, akasikiliza kule, akaogopa kuwaudhi watu wa base, akaogopa kuwaudhi watu wa kanisa. Akatoa amri ya mtu mwoga: mambo yaende tribunali ya zone, yaani mahakama ya wilaya, na mpaka tribunali itakapoamua, jina lile lisisikike barabarani, ili kuwe na amani. Amani! Alisahau kwamba mbwa hali asipoitwa. Au hakujua. Tamar alimweleza kwa ile sauti yake ndogo, na mkuu alikuwa ameshapanda baiskeli.

Tamar alikuwa mtu wa kushika amri. Alimwingiza mbwa ndani, akafunga madirisha, akainama sikioni mwake na kunong'ona jina. Mbwa alitazama mdomo wake. Alijua kuna kitu anaambiwa, lakini masikio yale hayakupokea mnong'ono. Chakula kilikaa mbele yake mpaka kikawa na nzi. Alikuwa akilamba maji tu, na mbavu zikaanza kuonekana.

"Mwite kwa nguvu, nani atakushtaki?" nikamwambia. "Mimi nitaita!"

"Banakataza, Mwalimu." Halafu akafuta uso kwa kiganja. "Minyi sitaki bamufunge ule mama. Nataka tu kuita imbwa yangu."

Nilimwita mimi, kwa hasira zangu, kwa sauti ya kufika barabarani. Mbwa hakugeuka. Alizoea sauti ya nyumba ile.

Siku ya kesi tulimweka Batasema kwenye kikapu nyuma ya baiskeli yangu, Tamar akimshika kichwa njia nzima. Élisa alikuja na nguo yake ya kanisa. Chumba cha tribunali kilijaa, maana kesi ya mbwa haikosi watazamaji, na wanawake wa kambi walikuja kwa wingi kumwona mwenzao. Rais wa tribunali alikuwa mzee Kalala, mtu wa kutulia, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tuliposimama kumsalimu, wazee wakisema "Eyo vidye" kama kwa chifu, alituketisha na kusema kwamba kabla ya yote ana jambo la kutangaza.

"Hii abacost nimevaa," akasema, "ni Citoyenne Kapenda njo aliipiga pasi. Mwenye iko na neno, aseme."

Kapenda lilikuwa jina la Tamar kwenye karatasi, kwani ofisini majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa, na kila mtu akaitwa citoyen, yaani raia. Émerence akasimama: "Minyi niko na neno!" Mzee Kalala akatazama kifua chake, akatutazama sisi. Chini ya abacost hakuna shati, kila mtu anajua. Watu wakacheka, na Émerence mwenyewe, naapa, mdomo ulitaka kucheka kidogo. Akasema basi, abaki nayo.

Tamar akaulizwa anaomba nini.

"Nalomba kuita imbwa yangu."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu, Président. Haikule."

Mzee Kalala akatazama kikapu. Kisha akampa Émerence nafasi, na mwanamke yule alisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake.

"Citoyen Président, minyi nilitoka ku kambi juu ya midomo ya bantu. Nilisema, mu cité sitajulikana na muntu. Asubui ya kwanza kabisa, nafungua mulango: Batasema, Batasema! Kila siku. Ile jina iko ya nani, kama haiko ya minyi? Nilipiga imbwa, nakubali. Lakini yeye njo alinipiga wa kwanza."

Nikasimama bila kuitwa, nikasema mbwa alikuwa na jina hilo kabla Émerence hajaijua hata njia ya kufika Kamina, nilimkuta nalo mimi mwenyewe.

"Jina inaweza kuwa ya zamani, Mwalimu," akanijibu. "Kelele iko mupya. Tangu nilikuya, kila siku anaita na nguvu kupita jana. Aseme kama nabeya."

Kubeya ni kusema uongo, na hakusema uongo. Tamar akaulizwa kwa nini anaita kwa nguvu namna hiyo.

"Imbwa inazeeka, Président. Haisikie tena muzuri."

Watu wakacheka tena, lakini mzee Kalala hakucheka. Alivua miwani. Akaeleza taratibu, akimgeukia Tamar, kwamba yeye anamwamini, ila kesi haiishi kwa kumwamini mtu. Kwa desturi ya nchi jina la mbwa ni neno, na neno lina mtu aliyetumiwa. Akijulikana mtu huyo, basi wengine wote hawana la kudai, na jina litakaa.

"Utuambie ni nani, mama. Tumalize."

"Sikuitoa minyi," akasema Tamar. "Ni Lazare njo aliitoa."

"Aliipeleka kwa nani?"

Nilimtazama Tamar. Alikuwa ameshika ukingo wa kikapu na ametazama sakafu.

"Munaona!" akasema Émerence. "Munaona, hawezi kusema!"

"Mama," akasema mzee Kalala, na sauti yake ilikuwa na huzuni, "ukinyamaza, minyi nitafanya nini? Jina yenye haina mwenyewe, kila muntu anaweza kuiokota. Nitaibadilisha. Utaipa imbwa jina ingine."

Jina jingine! Kwa mbwa mzee, nusu kiziwi, asiyekula mpaka asikie lile moja alilofundishwa na marehemu. Nilitaka kupiga kelele. Nilimvuta Tamar kitenge nikamwambia sema, sema basi, kwani aliyetumiwa ni nani hata umfiche hivi? Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta, lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Nikaelewa kwamba yuko tayari kumpoteza mbwa.

Ndipo benchi la nyuma yetu likalia, na Élisa akasimama.

"Ile jina ni yangu," akasema. "Nilipewa minyi."

"Yaya, hapana," akasema Tamar, maana huku yaya ni dada mkubwa. "Ikaa."

"Uniache." Akatembea mpaka mbele, mzito, kwa nguo yake ya kanisa, akajitaja: dada ya marehemu Lazare. Kisha akasimulia, na mwanamke yule ambaye sokoni husikika mpaka ng'ambo ya reli, siku ile alisema polepole.

"Kaka yangu alioa huyu. Mutoto hakukuya. Tukangoya, hakukuya. Minyi njo nilianza. Nilikamata mama yetu na ba shangazi, tukakuya kuikaa mu lupango yake. Tukamuambia: rudisha huyu mwanamuke kwabo, tumbo yake iko ya bure, anakula tu chakula ya famille. Huyu alikuwa anasikia, alikuwa mu jiko, anatupikia sisi. Kaka hakujibu. Akaenda ku kazi yake ku treni. Sisi tukabakia, tukasema haturudi mpaka aseme. Akarudia na mutoto ya imbwa mu koti, alitoa ku Bukama. Akaiweka chini, mbele ya miguu yangu. Akabeba sahani ya bukari na nyama, yenye ilikuwa ya sisi. Akaniangalia minyi, mu macho. Akasema: Batasema, kuya kula. Imbwa ikakula."

Élisa akamgeukia Tamar, akaendelea.

"Hatukuuliza maana. Tulibeba bintu byetu, tukarudia kwetu. Ile njo jibu yake, hakusema ingine mpaka alikufa. Na siku ya kilio, nilikuya minyi na roho mubaya bado, kukamata byombo. Asubui nasikia huyu anaita imbwa. Nikasikia kaka yangu. Alikuwa anachunga bibi yake bado." Akapumua. "Huyu ananyamaza juu ya minyi, asinipatishe haya. Lakini Président, ukitosha ile jina, ukiiondoa, utamufukuza mu nyumba yake. Yenye minyi nilishindwa kufanya."

Alikaa pale pale, kwenye ngazi ya meza ya rais wa tribunali. Tamar akaenda kumwinua. Sijui nani alikuwa anamshika nani.

Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nilivyomwona Lazare, nilimdhani mtu wa kimya asiye na lolote la kusema. Kumbe alisema mara moja, na ikatosha maisha mazima ya mwanamke mmoja.

Émerence alikuwa bado amesimama. Hasira ilimtoka usoni, akabaki mtoto.

"Alisema vile mbele ya mama yake?" akamwuliza Tamar.

"Eyo."

"Wa kwangu hakuniachia hata neno moya," akasema Émerence. "Alienda tu."

Mzee Kalala alivaa miwani yake, akatoa hukumu kabla watu hawajaanza kujipangusa machozi. Jina la mbwa lina mwenyewe, amejulikana, litakaa. Bolingo Émerence alivunja mguu wa mbwa asiye na kosa: basi ni yeye atakayemlisha kwa mkono wake mwenyewe, mpaka atembee, kuanzia siku ileile. Akatazama tena kikapu.

"Leo," akasema. "Hapana kesho."

Tulirudi nyumbani na nusu ya mji nyuma yetu. Jua lilikuwa limeinama, saa ambayo wanawake wa kambi wanatoka soko kuu na kupita barabarani kwetu wakirudi base. Siku hiyo walipita polepole sana. Tamar alimlaza mbwa katikati ya lupango na kurudi nyuma. Émerence alitoka kwake na sahani, bukari ya moto na samaki wa Mulongo aliyepewa na Élisa, akaiweka chini. Mbwa akageuza uso.

Émerence alingoja, nasi tukangoja.

"Lazima umuite," Tamar akamwambia.

Émerence akasema jina kwa pumzi, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mbwa hakutikisa hata sikio. Nje ya ua mtu mmoja akacheka, na mwingine akasema kitu kwa Lingala nisichokielewa, lakini Émerence alikielewa. Alisimama wima. Akaweka mikono kiunoni.

"Batasema," akasema, sasa kwa sauti.

Mbwa aliinua kichwa. Alimtafuta Tamar kwa macho, hakuona mdomo wake ukisema, ila alimwona akiitikia kwa kichwa, akarudi kumtazama mwanamke aliyemvunja mguu.

"Batasema!" Na mara hii Émerence hakumtazama mbwa. Aliitazama barabara, wale wanawake mmoja mmoja, kila mmoja usoni, na sauti ilimtoka kutoka sijui wapi. "Batasema! Batasema! Kuya kula!"

Mbwa alijikokota na mguu wake wa vijiti akala. Alikula mpaka sahani ikasogea kwenye mchanga, na Émerence alikuwa amechuchumaa pembeni yake analia kwa kwikwi, akimshika mgongo. Barabarani wakaanza kuondoka, bila kucheka tena.

Mguu ulipona kombo, na kulishwa hakukuisha. Kila asubuhi waligawana: huyu anatoa bukari, yule anaita. Siku za mvua niliwasikia wote wawili pamoja, kila mmoja mlangoni kwake, na mbwa kiziwi akichagua wa kumwendea. Émerence alijifunza wanga na pasi. Élisa aliendelea kuja Jumamosi, sasa majembe yakawa matatu. Sajini hakurudi. Watu walisema wee mpaka wakachoka, wakahamia kwa mwingine.

Batasema alikufa kwa uzee tu, kwenye jua, upande wa Émerence. Tulimzika karibu na muhogo. Tamar hakutaka mbwa mwingine.

Émerence alipopata habari kwamba mama yake mgonjwa, aliamua kurudi kwao, kwa treni ya Ilebo na kisha meli. Tulimsindikiza stesheni sisi watatu. Wanawake wa kambi walikuwapo, kama walivyokuwapo siku zote treni ikiondoka, na niliwaona wameanza: mwanamke huyo, amekuja na mume, anarudi na masanduku. Émerence aliwasikia. Alikuwa dirishani, anajitahidi kutabasamu, na mdomo unamshinda. Treni ikatikisika.

Mama Tamar, yule ambaye kwaya nzima haikumsikia, alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akajaza mapafu yake.

"Batasema!" akaita. "Batasema!"

Wanawake wakageuka kutafuta mbwa. Émerence akatoa kichwa nje ya dirisha, anacheka na machozi yamejaa, akamjibu kwa nguvu zake zote mpaka treni ikamchukua: "Kuya kula! Yaya, kuya kula!"

Tamar alisimama pale hadi behewa la mwisho lilipopita. Kisha akatuambia twende, kuna abacost za watu zinangoja.